Uwanja wa mtaa ulipiwe na fungu gani? Njia nne za kupata ardhi ya mapumziko ya umma Dar es Salaam zikilinganishwa

Wakazi wa mtaa wanaotaka uwanja wa watoto, bustani au mahali pa kukimbia asubuhi kwa kawaida huanza na swali la bei: ekari moja ni shilingi ngapi, na nani atailipa. Swali hilo ni la haki, ila likitangulia mengine huwapeleka watu kwenye mlango usio wao, kwa kuwa kila fungu la fedha za umma lina masharti yake kuhusu kinacholipika, wakati wa kulipa na anayestahili kulipwa. Makala hii inalinganisha mafungu manne ambayo kamati ya mtaa, diwani au klabu ya jogging katika Mkoa wa Dar es Salaam inaweza kuyafikiria, na inashikilia jambo moja: fungu lichaguliwe kwa kutazama kwanza nani yuko juu ya ardhi inayotakiwa na yuko pale kwa haki ipi, na ukubwa wa fungu ufuate baadaye.

Haja yenyewe haihitaji kutetewa kwa maneno mengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Viwanja vinavyotajwa kila siku, yaani Mnazi Mmoja, Jangwani, Biafra, Mwembeyanga na ufukwe wa Coco, vilikuwapo kabla ya ongezeko hilo na vyote viko katika sehemu za zamani za mji. Maeneo kama Goba, Kivule na Chanika yamekua kwa sehemu kubwa kwa wenye mashamba kukata vipande na kuviuza kimoja kimoja, na katika mauzo ya namna hiyo ni nadra kumpata muuzaji anayeacha robo ekari bure kwa ajili ya watoto wa watu asiowajua.

Nchini Marekani kazi hii ina mfuko wake. Sheria ya Land and Water Conservation Fund ilianza kutumika 1965, fedha zake hutokana zaidi na malipo ya kampuni zinazochimba mafuta na gesi baharini, na sheria ya 2020 iliuhakikishia mfuko huo dola milioni 900 kila mwaka. Majimbo na miji huomba ruzuku inayofika hadi nusu ya gharama na kuitafuta nusu nyingine wenyewe. Ardhi iliyonunuliwa au kuendelezwa kwa ruzuku hiyo hufungwa moja kwa moja kwa burudani ya nje, na mji ukitaka kuigeuza kuwa kitu kingine lazima upate idhini ya waziri anayesimamia hifadhi na ardhi ya umma, kisha utoe ardhi nyingine yenye thamani na manufaa yanayolingana. Tanzania haina mfuko mmoja uliotungiwa sheria kwa kazi hiyo peke yake, hivyo mwombaji wa Dar es Salaam hutumia mafungu yaliyowekwa kwa shughuli pana zaidi. Lile sharti la kufunga matumizi litarudi hapa chini, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko hata fedha zenyewe.

Mafungu yanayolinganishwa

La kwanza ni mapato ya ndani ya halmashauri, yaani fedha ambazo Jiji la Dar es Salaam au manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni hukusanya zenyewe kwa ushuru, ada na leseni. La pili ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. La tatu ni miradi mikubwa ya Serikali Kuu inayogharimiwa kwa mikopo na misaada ya nje. Kwa mji huu mifano iliyo karibu ni mradi wa uboreshaji wa miundombinu wa DMDP, ambao Benki ya Dunia iliukubalia mkopo wa dola milioni 300 mwaka 2015, na Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa na benki hiyohiyo mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. La nne ni mkopo wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, maarufu kama KKK, ambao Wizara ya Ardhi huikopesha halmashauri bila riba ili ilipe fidia ya mashamba, ipime viwanja, iviuze na kurejesha.

Vigezo

Nimetumia vigezo sita kwa mafungu yote. Je, fedha inagusa ardhi yenyewe, au huishia kwenye uzio na nyasi? Ni kiasi gani, na wenyeji wanatakiwa kuchangia nini? Inachukua muda gani tangu wazo hadi malipo? Inawatendeaje watu waliopo juu ya ardhi? Ni nini kitakachozuia uwanja kugeuka kuwa maduka miaka kumi baadaye? Na nani atafyeka majani? Kigezo cha nne na cha tano ndivyo vinavyoamua mambo, kwa hiyo vimepewa nafasi kubwa zaidi.

Je, fedha inagusa ardhi yenyewe?

Ikumbukwe kwanza kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kinacholipiwa, iwe kwa kununua au kwa fidia, ni haki ya mtu kuitumia ardhi hiyo pamoja na maendelezo aliyoyafanya juu yake.

Mapato ya ndani yanaweza kulipia ununuzi au fidia iwapo kifungu hicho kimeandikwa kwenye bajeti iliyopitishwa na Baraza la Madiwani. Halmashauri inaweza kununua kwa makubaliano na mwenye shamba aliye tayari kuuza. Haiwezi kumlazimisha asiyetaka, kwani mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma ni ya Rais kwa mujibu wa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, na mchakato wake hupitia Wizara ya Ardhi. Mkopo wa KKK nao hugusa ardhi moja kwa moja, kwani fidia kwa wenye mashamba ndiyo hatua inayotangulia upimaji. Miradi mikubwa hugusa ardhi iliyomo ndani ya michoro yake tu. Mtaa ulio mita mia mbili nje ya mstari wa mradi hauna la kuomba. Mfuko wa Jimbo, kwa ukubwa wake, hauwezi kubeba fidia ya nyumba hata chache, na tumezoea kuuona kwenye saruji, mabati na madawati. Katika suala la uwanja unafaa zaidi kwa kazi zinazozunguka ardhi: gharama za upimaji, mawe ya mipaka, uzio na vyoo.

Kiasi cha fedha na mchango wa wenyeji

Mfuko wa Jimbo hugawanywa kwa kanuni inayozingatia mgawo sawa kwa kila jimbo, idadi ya watu, kiwango cha umaskini na ukubwa wa eneo, na kinacholifikia jimbo moja ni makumi ya mamilioni ya shilingi kwa mwaka, yanayogawanywa tena kwa kata zote. Jina lake linaeleza matarajio: wananchi wawe wameanza, mfuko uongezee. Kamati inayokwenda kwa mbunge na barua peke yake huwa dhaifu mbele ya kamati iliyokwisha kusafisha eneo na kuchanga gharama za mpima.

Mapato ya ndani ya halmashauri za Dar es Salaam ni makubwa kuliko ya halmashauri nyingi nchini, lakini yana wenyewe kabla hayajaingia. Asilimia 10 hutengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kinachobaki kwa maendeleo hugombewa na madarasa, zahanati, masoko na barabara za ndani. Uwanja wa mapumziko hushindana vibaya na darasa mbele ya madiwani. Hushindana vizuri zaidi unapoombwa pamoja na shule ya msingi inayopakana nao, kwa kuwa hapo fedha moja huwahudumia wanafunzi mchana na mtaa mzima jioni.

Mkopo wa KKK ni mkubwa kiasi cha kulipia mashamba ya makumi ya ekari, na katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitenga shilingi bilioni 50 kwa ajili ya halmashauri mbalimbali nchini. Ni deni, hata hivyo, na ekari inayoachwa kuwa uwanja ni ekari isiyouzwa. Mchango wa wenyeji hapa umo ndani ya bei ya viwanja vya jirani. Miradi mikubwa haihitaji wenyeji watoe shilingi. Wanachotoa ni muda wao kwenye mikutano na, mara nyingine, nyumba zao.

Muda

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ili kifungu cha ununuzi wa ardhi kiwemo kwenye bajeti ya halmashauri, wazo linapaswa kupitishwa na mkutano wa wakazi na kamati ya maendeleo ya kata kati ya Oktoba na Desemba ya mwaka wa kalenda uliotangulia, kabla Baraza la Madiwani halijakaa kupitisha makadirio mwanzoni mwa mwaka wa kalenda. Anayeamka Machi amechelewa, na anasubiri mzunguko mwingine. Hata kifungu kikiwemo, fedha hutoka kadiri makusanyo yanavyoingia, na ununuzi wa ardhi ndio ambao aghalabu husogezwa hadi robo ya nne.

Mfuko wa Jimbo ndio mwepesi kuliko yote, kwa kuwa kamati yake ni ndogo na kiasi ni kidogo. Kwenye miradi mikubwa hesabu ni ya miaka: mpango wa bonde la Msimbazi uliandaliwa kwa mikutano ya wadau iliyofuata mafuriko ya Aprili 2018, mkopo ukaidhinishwa 2022, na fidia kwa wakazi ikafuata baada ya hapo. KKK iko katikati. Uthamini na fidia vikienda sawa, kasi inayobaki hutegemea viwanja vinauzika kiasi gani. Kigamboni na Kibamba huuzika, sehemu za mbali zisizo na maji wala barabara huchelewa.

Watu waliopo juu ya ardhi

Hapa ndipo tofauti ya mafungu inapoonekana wazi, na ndipo kamati nyingi hukosea hesabu zao, kwa hiyo inafaa kueleza fidia hupatikanaje.

Sheria inataka fidia iliyo kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za uthamini wa fidia za 2001 zinaitaja kwa vipande: thamani ya ardhi na maendelezo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na fidia ya faida inayopotea. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara hutoa kwa amana za muda maalumu. Riba ikiwa asilimia 8 na mali ina thamani ya shilingi milioni 20, posho ni shilingi 1,600,000. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mmoja mara miezi 36, kwa hiyo nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 150,000 huongeza shilingi 5,400,000 kwenye hesabu. Biashara halali yenye hesabu zilizokaguliwa zinazoonyesha faida halisi ya shilingi 400,000 kwa mwezi huongeza shilingi 14,400,000, kwani nayo huzidishwa kwa 36. Kwa ardhi isiyokaliwa na mtu, posho ya usafiri, ya makazi na fidia ya faida hazilipwi.

Aya hiyo moja inatosha kueleza kwa nini ekari ya shamba tupu huko Msongola na robo ekari ya nyumba zilizobanana Tandale haziwezi kuombewa kwenye fungu moja, hata kama zingekuwa na bei sawa sokoni.

Siku ya uthamini yenyewe hufaa kuishuhudia. Mthamini hupita na futi kamba na karatasi zake akiongozana na mtendaji wa mtaa na mjumbe. Huhesabiwa minazi, miembe na hata migomba, hupimwa kuta, huandikwa aina ya paa na sakafu, kisha mwenye mali hupigwa picha akiwa mbele ya mlango ameshika kibao chenye namba. Baada ya hapo jedwali huenda kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinishwa. Malipo yanatakiwa kufanyika ndani ya miezi 6, yakichelewa yanaanza kuzaa riba, na chini ya sheria ya uthamini ya 2016 uthamini usiolipwa kwa miaka 2 hupoteza uhai na kazi hurudiwa kwa bei mpya. Mwenye nyumba aliyekwisha kupigwa picha na kibao huogopa kuezeka upya au kuongeza chumba, huku mvua zikiingia. Kuanzisha uthamini kabla fedha haijawa mkononi ni kumtesa jirani.

Kwa kipimo hiki, mapato ya ndani yanafaa kwa mwenye ardhi mmoja au wawili wanaouza kwa hiari, na yanakuwa hatari pale wanapokuwa kumi, kwa sababu makusanyo ya robo yakipungua nusu yao watalipwa na nusu watabaki na karatasi. Mfuko wa Jimbo usiingizwe kabisa kwenye suala la kuhamisha watu. KKK huwahusu zaidi wenye mashamba yasiyo na nyumba nyingi, na mara nyingine mwenye shamba hukubaliana na halmashauri arudishiwe viwanja vilivyopimwa badala ya fedha taslimu, jambo linalopunguza mzigo wa mwanzo. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002, uliozaa maeneo kama Kisota, Mivumoni, Buyuni na Mwanagati, ulijengwa juu ya wazo hilo la ardhi kujilipa kwa mauzo ya viwanja, ingawa kwa fedha za Serikali Kuu.

Miradi mikubwa ina sifa moja ambayo mafungu mengine hayana. Viwango vya Benki ya Dunia kuhusu uhamishaji wa watu huwatambua pia waliojenga pasipo haki inayotambuliwa na sheria: ardhi hawalipwi kama wenye haki, lakini majengo na usaidizi wa kuhama huhesabiwa, mradi walikuwapo kabla ya tarehe ya ukomo wa kuandikisha. Katika mabonde jambo hili ni zito, maana Sheria ya Ardhi inaruhusu maeneo yaliyo ndani ya mita 60 za kingo za mito kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita hizohizo. Waliohamishwa bondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walipelekwa Mabwepande kwa viwanja, na bonde likajaa tena. Mradi wa sasa umefuata njia ya fidia, huku sehemu ya bonde ikipangiwa kuwa bustani kubwa ya jiji.

Ulinzi wa matumizi baada ya miaka kumi

Uwanja wa wazi wa Dar es Salaam haupotei kwa siku moja. Kwanza huja gereji chini ya mti, kisha lori linaloegeshwa usiku, kisha mtu mwenye kibali cha muda cha kuweka kontena, kisha fremu za maduka kuzunguka pande zote mpaka goli la mpira linabaki katikati ya kuta na mlango wa kuingilia ni upana wa bajaji. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na mara nyingi iliingiza kodi kwa mtu fulani.

Hakuna fungu kati ya haya manne linalokuja na kufuli kama lile la Marekani. Kinachoweza kufanywa ni kukusanya kinga zilizopo: mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa unaoonyesha eneo hilo kuwa la burudani, upimaji wenye mawe yanayoonekana, na hati iliyosajiliwa kwa jina la halmashauri ikitaja matumizi hayo. Vikiwapo vyote vitatu, kubadili matumizi hulazimu maombi rasmi na tangazo kwa umma, na wakazi wanaweza kupinga kwa maandishi.

Mapato ya ndani yana udhaifu hapa: aliyenunua ndiye atakayeshawishika kupangisha fremu, na Baraza la Madiwani la leo halimfungi mikono la kesho. Dawa yake ni kudai hati itolewe katika mwaka uleule wa ununuzi, badala ya kuridhika na mkataba wa mauziano uliofungiwa kabatini. KKK ina nguvu kwenye mchoro na upimaji, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Udhaifu wake ni kwamba viwanja vya kuuza hutafutiwa hati haraka na maeneo ya wazi huachwa bila hata jiwe, kwa kuwa hakuna mnunuzi anayeyadai. Miradi mikubwa huacha nyaraka nyingi na masharti ya mkopo yanayofuatiliwa wakati mradi uko hai, lakini mradi hufungwa, na baada ya hapo eneo huwa mikononi mwa wasimamizi walewale wa siku zote. Mfuko wa Jimbo, pamoja na udogo wake, ndio unaoweza kuleta mabadiliko ya haraka kwenye kigezo hiki: kulipia mpima na mawe ya mipaka kwa uwanja ambao tayari upo ni matumizi bora ya fedha kidogo kuliko yote niliyoyatafakari katika ulinganisho huu.

Matunzo

Fungu lisilo na jibu la matunzo ni yote manne. Mfano unaofaa kutazamwa ni uwanja wa vijana wa Jakaya M. Kikwete pale Kidongo Chekundu, uliofunguliwa 2015 kwa ubia wa kampuni ya umeme ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza: ardhi ilikuwa ya umma tayari, mbia akajenga. Mtaa usio na mbia wa namna hiyo uandike mapema nani atalipa mlinzi na mfyekaji, na kwa chanzo gani.

Nani afuate fungu gani

Mtaa ambao eneo lake la wazi limo kwenye mchoro wa mipangomiji, ila limevamiwa pembeni, hauhitaji kununua chochote. Uanze kwa afisa mipangomiji wa manispaa kuomba nakala ya mchoro, upeleke ombi la upimaji na mawe kwenye Mfuko wa Jimbo, kisha ombi la hati kwenye mapato ya ndani. Kufufua mipaka kunaweza kugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya ekari mpya.

Mtaa ulio pembezoni, wenye mkulima mmoja aliye tayari kuuza ekari moja au mbili tupu, uelekee kwenye mapato ya ndani na uombe kwa kushirikiana na shule au zahanati iliyo jirani. Ombi liwe kwa mtendaji wa kata kabla ya Oktoba.

Kata ambayo bado ina mashamba makubwa yasiyogawanywa, kama baadhi ya kata za Kigamboni na pembezoni mwa Ukonga, inafaa kuishawishi halmashauri kuomba KKK wakati mashamba hayo bado yako mikononi mwa watu wachache. Diwani wa kata hiyo adai mapema ekari za wazi ziorodheshwe na kupimwa katika awamu ya kwanza, pamoja na viwanja vya kuuzwa.

Mtaa uliosongamana, ambako uwanja hauwezi kupatikana bila kubomoa nyumba, usitumie mapato ya ndani wala Mfuko wa Jimbo. Njia ya uaminifu ni kusubiri mradi mkubwa na kuutayarishia: kuorodhesha wakazi, wapangaji kwa wenye nyumba, na kuhudhuria mikutano ya maandalizi ambako mstari wa mradi huchorwa. Wakati huo wa kusubiri, uwanja wa shule uliofunguliwa kwa wakazi saa za jioni kwa makubaliano ya maandishi na kamati ya shule unaweza kubeba sehemu ya haja.

Wakazi wa kando ya Mto Msimbazi, Mlalakua au Mzinga wasichange fedha kununua vipande ndani ya mita 60 za kingo. Muuzaji wa kipande hicho hana haki salama ya kuuza, na halmashauri itakuwa imelipia eneo ambalo sheria tayari inazuia kujengwa. Hapo ombi sahihi ni eneo hilo liingizwe kwenye mchoro kama ukanda wa wazi, lipandwe miti na liwekewe njia ya kutembea.

Na pale ambapo shamba linalotakiwa ni la marehemu, kama ilivyo mara nyingi, lisitafutiwe fungu lolote mpaka mahakama iwe imemteua msimamizi wa mirathi na warithi wote wametia saini, akiwamo mjane kama yupo. Muuzaji aliye hai na mwenye ndoa naye alete ridhaa ya maandishi ya mwenzi wake. Afisa ardhi atavidai vyote hivi kabla ya kupokea faili, na robo ya fedha huisha wakati mtoto mmoja wa marehemu anasubiriwa kurudi kutoka Mwanza.